Asidi ya punje inasifiwa kwa kazi isiyo yake

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu alichanganya ethanoli na asidi asetiki, ile ya kwenye siki, akadondoshea asidi salfuriki kali kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, akaipasha moto. Muda si mrefu darasa zima likanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ndiyo esta, kinachozaliwa alkoholi kama ethanoli ikiungana na asidi kama ya siki. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliyekuwa zamu ya kuosha vyombo nilirudi bwenini na suruali yenye matundu.

Kwa hiyo msinihesabu kati ya maadui wa asidi yabisi, ile ngumu inayoshika kazi ya asidi salfuriki. Chukua Amberlyst-15: punje ndogo za resini, yaani plastiki ya polistireni, zina ukubwa kama wa ulezi, zimefungiwa asidi ndani yake. Unazimimina, unapasha moto, ukimaliza unachuja. Asidi inabaki kwenye chujio. Huna haja ya kuiua kwa magadi, wala mabomba hayaliwi.

Kinachoniudhi ni wanaodai kwamba punje hizi zinaongeza kiasi cha esta unachopata mwishoni. Haziongezi! Esta na maji vikizaliwa, navyo hurudi kuwa asidi na alkoholi, na kichocheo huharakisha safari ya kwenda na ya kurudi sawasawa. Tangu 1862 wanakemia Wafaransa Berthelot na Péan de Saint-Gilles walionyesha kwamba ukiweka ethanoli na asidi asetiki kwa moli sawa (idadi sawa ya molekuli), kiasi cha theluthi mbili tu hugeuka esta, basi. Ukitaka zaidi, zidisha alkoholi au ondoa maji yanayozaliwa humo humo.

Na hapo kwenye maji, ile asidi ya zamani ina ujanja wake: inakunywa maji. Punje zenyewe maji huzing'ang'ania, yakakalia nafasi za asidi, kazi ikapoa. Anayebadilisha kichocheo bila kufikiria maji yataenda wapi atapata pungufu, kisha ailaumu resini.

Mfano ninaoupenda uko Kingsport, Tennessee. Miaka ya 1980 kampuni ya kemikali ya Eastman ilijenga mnara mmoja unaotengeneza methili asetati, esta nyingine, na kuikeneka papo hapo, kazi iliyokuwa ikitaka mitambo chungu nzima. Kichocheo chao? Asidi salfuriki. Akili yote ilikuwa katika kutenganisha.

Resini ina mengine pia. Ikipita nyuzi 120 hivi inaanza kupoteza asidi yake. Sodiamu ya maji ya bomba au chuma cha kutu huingia mahali pa haidrojeni inayoifanya iwe asidi, na kuirudishia nguvu lazima uioshe kwa asidi ya maji, ile ile uliyokuwa unaikimbia. Zeolaiti, asidi yabisi nyingine ya madini yenye vitundu, huvumilia joto zaidi, ila kwa esta ndogondogo kama hii bado ningeshika resini.

Hata maabara ya shule ningeinunulia kesho. Kijiko kimoja, alkoholi ya kuzidi, na chujio la chai. Harufu itachelewa kuliko ile ya mwalimu wangu. Wanafunzi wasubiri tu, suruali zao zitakuwa nzima.