Hati za kale bado zinangoja wasomaji

Kila msimu wa kuchagua mada za tasnifu ukifika, napokea mapendekezo yanayofanana: dhamira katika riwaya fulani, usawiri wa mwanamke katika tamthilia fulani. Waandishi ni walewale watano, sita. Siwalaumu wanafunzi. Umahiri ni miaka miwili, ada inadaiwa, na anayehakiki riwaya maarufu anakuta nadharia iko tayari, marejeleo yapo, na msimamizi anaijua njia.

Lakini tenzi na mashairi ya Lamu, Pate na Mombasa, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yamelala katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London. Mengine hayajahaririwa hata mara moja. Inaniuma.

Najua ugumu wake. Katika hati nyingi za zamani, b na p ziliandikwa kwa herufi moja, na m inayotangulia b iliachwa. Basi be mbili (herufi ya b) zenye fataha, alama ya irabu a, huweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Mizani na maana ya ubeti ndizo zitakazoamua. Kasra, alama nyingine ya irabu, nayo ni i, na pia ni e. Hata William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekusanya mashairi ya mshairi Muyaka bin Haji huko Mombasa katika karne ya 19, alimtegemea Mwalimu Sikujua, msomi wa huko, kuyanakili na kuyafafanua.

Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi "tafuta uwanja mpya" hakutoshi. Idara za Kiswahili zifundishe kusoma hati hizi tangu mwaka wa kwanza, kama zinavyofundisha fonolojia. Anayeanza kujifunza herufi baada ya kusajili mada amekwisha kuchelewa, na atarudi kwenye riwaya.

Tena wengine wamekwisha kuanza bila kujua. Mwaka jana nilimwonyesha binti mmoja wa Pwani picha ya ukurasa wa utenzi. Alikuwa amekuja na mada ya dhamira. Akasoma taratibu, kwa sauti. Penye e akatamka i, akasita, akatazama vina vya ubeti, akajisahihisha mwenyewe. Herufi hizo alifundishwa madrasa akiwa mdogo, na katika miaka yote ya shahada yake hakuna aliyewahi kumuuliza kama anazijua. Akaniomba ukurasa wa pili.