Swali la mgeni wa kazi
Nakubaliana na wanaosema kwamba kiongozi anapaswa kubaki na moyo wa mwanagenzi hata akishakuwa mzoefu. Nimesimamia uanikaji wa dagaa hapa Mwanza kwa miaka 19, nami niliamini kwamba sina jipya la kujifunza, hadi binti mmoja aliyekuwa na wiki mbili tu kazini aliponinyooshea kiganja kilichojaa dagaa waliogandamana na mchanga, akauliza: “Shikamoo mzee, kwa nini tusiwaanike juu ya chanja?” Nilitaka kumkatiza. Namshukuru Mungu nilinyamaza nikamsikiliza, kwani chanja za wavu tulizojenga baadaye hupitisha hewa juu na chini, na dagaa hukauka upesi wakiwa safi. Siku hizi, katika kikao cha Jumatatu, mgeni wa kazi ndiye anayetangulia kusema.