Taa ndogo ya mlango, mlango mzima unafunguliwa!

Jamani hii maneno ya taa za milango ya gari imenichosha. Balbu yenyewe ni kadude ka wati 5, haina hata skrubu, unaichomeka tu ama inakaa katikati ya vyuma viwili, lakini ukipeleka gari kwa fundi hapa Kisumu anakwambia lazima afungue mlango wote ndani. Ya nini? Gari nyingi kile kifuniko cha plastiki cha taa kinatoka na bisibisi bapa, unaingiza ncha pole pole upande mmoja kinaruka, basi. Yeye anavuta paneli, ule ubao wa ndani wa mlango, kwa nguvu, klipu zinakatika, halafu unarudishiwa mlango unapiga kelele kila tuta na ukiuliza klipu unaambiwa hiyo itashika tu.

Kwa spea nako ni shida ingine. Zile balbu ndefu za kukaa katikati ya vyuma zina saizi, kuna ya milimita 31, kuna 36, lakini muuzaji hapimi, anakupea yoyote, ukifika nyumbani inacheza cheza. Na za LED nyingi ukizigeuza hazitawaka mpaka uzirudishe vile inafaa, sasa mtu anakwambia imeungua nunua ingine!

Na si urembo. Ile nyekundu ya ukingoni mwa mlango ndiyo inamwonyesha mtu wa boda anayekuja nyuma kwamba mlango uko wazi, na hapo Kondele usiku vile wanapita wakikaribia kugusa gari, kweli mtu avunjike mguu juu ya balbu? Mafundi wetu, tafadhali, anzeni na kifuniko.