Kivinjari Kikisema Faili Limeshuka, Lionekane

Juzi mama mmoja alifika dukani kwangu, ninapochapa na kutoa kopi, akitaka barua ya binti yake ya kujiunga na chuo. Tulimpigia binti simu, akatutajia nywila, nikaingia kwenye akaunti yake, na Chromium, kivinjari cha kompyuta yangu, ikaonyesha kuwa faili limekamilika kupakuliwa. Nikamwambia, "Mama, barua imeshuka, subiri niichape." Nilipofungua folda, haikuwamo. Nikapakua mara ya pili, kivinjari kikathibitisha tena, folda ikabaki tupu. Mama akanitazama kwa upole, akasema, "Lakini mwanangu, umeniambia imeshuka." Sijapata la kumjibu, umeme ukakatika, na uliporudi simu ya binti haikupatikana tena.

Usiku ule nilikaa na kompyuta hiyo hadi nikaelewa. Nilikuwa nimeielekeza Chromium ihifadhi kila kitu ndani ya /tmp, folda ya mafaili ya muda, kwa sababu folda hiyo husafishwa kompyuta inapowashwa upya, nami sipendi vyeti na namba za vitambulisho vya watu vilale dukani. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu, mfumo wa Linux. Tangu Ubuntu 19.10, hata ukiisakinisha Chromium kwa apt, amri ya kawaida ya kusakinisha programu, unachopata ni snap, yaani kifurushi kinachoifungia programu kwenye chumba chake, na kila snap hupewa /tmp yake ya faragha. Nilipakua faili la majaribio, nikalitafuta kwa sudo find, amri ya kutafuta kwa mamlaka ya msimamizi, likajitokeza ndani ya /tmp/snap-private-tmp/snap.chromium/tmp, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hawezi hata kuchungulia. Barua ya yule mama ilikuwa imekaa humo humo, ikafutwa umeme uliporudi.

Hilo ndilo linaloniuma. Faili likikataa kuhifadhiwa na kompyuta ikatamka kuwa imekataa, nitahangaika, lakini nitajua pa kuanzia. Hapa programu iliniambia kazi imekwisha, ikanitajia jina la folda ninayoifahamu, kumbe yenyewe inaangalia folda nyingine yenye jina lilelile. Nilirudia maneno yake kwa mteja, na mbele yake mwongo nikawa mimi. Fundi anayekaa siku nzima na terminali, dirisha la kuandikia amri, ataligundua jambo hili. Mwenye duka mwenye foleni ya watu watano hataligundua, atadhani amekosea kubofya, atabofya tena na tena. Kukiwa na ukuta kati ya programu na mafaili yangu, basi ukuta huo uonekane, na kivinjari kitaje njia halisi ya faili, ile ambayo mimi nikiifuata nitalikuta.

Nakubali kwamba kuifungia programu kuna sababu. Kivinjari ndicho mlango wanaopitia wageni tusiowajua, na si busara kukiachia kisome funguo za kuingilia kompyuta nyingine, zilizomo ndani ya folda ya .ssh. Hata hivyo, watengenezaji wa Linux Mint, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, waliona tatizo la Ubuntu kuweka snap kimyakimya mahali pa kifurushi cha kawaida, na toleo lao la 20, la mwaka 2020, likazuia snapd, programu inayoendesha snap, isijisakinishe kwa mlango huo wa nyuma.

Si kila faili linalopotea limepotezwa na snap. Diski ikijaa, amri ya df -h itakuambia. Folda ikiwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, amri ya ls -ld itaonyesha. Flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Na diski ya Windows iliyozimwa nusunusu huweza kufunguka kwa kusomwa tu. Flashi ikikataliwa na snap peke yake, tazama kwa amri ya snap connections chromium kama removable-media, ruhusa ya kufikia flashi, imeunganishwa, na kama haijaunganishwa, iunganishe kwa sudo snap connect chromium:removable-media.

Kwangu nimetengeneza folda ndani ya folda yangu ya nyumbani (home) kwenye kompyuta, nikaiita Wateja, jina lisiloanza na nukta, kwa kuwa snap haziruhusiwi kugusa folda zilizofichwa zilizopo hapo. Mstari mmoja wa crontab, orodha ya kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe, hufuta yaliyomo kila kompyuta inapowaka. Mama alirudi kesho yake asubuhi na nywila ameiandika kwenye kipande cha karatasi. Sikumwambia kitu mpaka barua ilipotoka kwenye printa, nikamkabidhi ingali na joto.