Wanahisa wa Phulbari wanapigwa kalenda, na gharama ni yao

Oktoba 2005 kampuni ya Asia Energy ilipeleka Dhaka mpango kamili wa kuchimba makaa ya mawe Phulbari, wilaya ya Dinajpur, kaskazini magharibi mwa Bangladesh. Miongo miwili imekatika bila kibali. Kampuni imeshabadilisha jina, siku hizi inaitwa GCM Resources. Mawaziri wameingia na kutoka. Wanahisa wadogo walionunua hisa zake kwenye AIM, soko la kampuni ndogondogo la London, bado wanasubiri.

Ukimtaja mwanahisa wa kampuni ya madini, watu wanamfikiria bwanyenye. Huyu ninayemzungumzia hana tofauti kubwa na jirani yako mwenye hisa mia mbili za benki pale Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ana mshahara au pensheni, akaweka akiba, akasoma hesabu za mradi zikamvutia. Na hesabu za Phulbari zinavutia kweli. Makaa yaliyopimwa pale ni tani milioni 572, na mpango ulikuwa kutoa kama tani milioni 15 kwa mwaka kwa zaidi ya miaka 30. Nchi yenyewe ina njaa ya nishati: Juni 2023 mtambo wa umeme wa Payra, wenye megawati 1,320, ulizimwa kwa sababu dola za kulipia makaa kutoka nje zilikosekana. Mwenye hisa akisoma habari kama hiyo lazima aseme hawa watu wanakufa kiu na kisima kiko uani kwao. Hoja yake ina uzito, siibezi.

Tatizo ni kwamba juu ya kisima hicho wanaishi watu. Phulbari ni nchi ya mpunga. Makaa yako chini sana, na njia iliyochaguliwa ni mgodi wa wazi, yaani udongo wote wa juu unaondolewa na maji ya ardhini yanavutwa kwa pampu usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, ili shimo lisifurike. Kampuni ilikadiria kuhamisha watu kama 40,000. Wapinzani wa mradi wanafikisha hadi 220,000, kwa kuwa wanawahesabu pia wale ambao visima na mashamba yao yangekauka bila nyumba zao kuguswa. Tarehe 26 Agosti 2006 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kupinga mradi. Askari wa Bangladesh Rifles, kikosi cha kulinda mipaka, wakafyatua risasi, watu watatu wakauawa. Siku nne baadaye serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Khaleda Zia, ikasaini makubaliano na waandamanaji kwamba mgodi wa wazi haupo na Asia Energy ifungashe virago. Sheikh Hasina, wakati huo akiwa upinzani, alikwenda Phulbari mwenyewe kuwaunga mkono. London bei ya hisa iliporomoka mpaka biashara yake ikasimamishwa kwa muda. Mwaka 2008 Benki ya Maendeleo ya Asia nayo ikajiondoa kwenye mradi.

Sasa, baada ya damu kumwagika, ni waziri gani atakayetia saini? Hasina huyohuyo alitawala kuanzia Januari 2009 hadi alipokimbia nchi Agosti 2024. Hakuidhinisha, na hakuuzika mradi rasmi. Kwa mwanasiasa hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Akikubali, Phulbari inawaka. Akikataa kwa maandishi, kampuni inaweza kumburuza kwenye usuluhishi wa kimataifa na kudai fidia, ikiushikilia mkataba ambao BHP, kampuni ya madini ya Australia, ilisaini 1994 na Asia Energy ikaurithi 1998. Akinyamaza, hana wa kugombana naye mwaka huo. Kwa hiyo wanahisa wanapigwa kalenda, na wanaolaumu uzembe wa makarani wa Dhaka wanajidanganya. Faili haijapotea mezani. Kila anayelifungua anajua kilichomo, analifunga.

Mimi hasira zangu haziendi Dhaka peke yake. Kampuni ambayo haijachimba haina mapato, haina hata gunia moja la kuuza. Lakini ina wakurugenzi, washauri, na mawakala wa kuibembelezea serikalini, na wote wanataka chao. Fedha zinatoka kwenye hisa mpya zinazouzwa, na kwenye mkopo wa mwanahisa mkubwa ambao unaweza kugeuzwa kuwa hisa. Tuseme una hisa 1,000 kati ya 100,000, una asilimia moja ya mgodi. Kampuni ikitoa 100,000 nyingine ili ivuke mwaka, umebaki na nusu asilimia ya mgodi uleule ambao haujachimbwa. Ikirudia, umebaki na theluthi. Hakuna aliyekuibia. Kila kitu kilitangazwa, na kura ilipigwa kwenye mkutano mkuu ambao wewe hukwenda. Hata mkaguzi wa hesabu ameandika wazi kwamba bila fedha mpya kuna shaka kama kampuni itaendelea kuwepo. Lakini nani anasoma mpaka huko, wakati kurasa za mwanzo zinazungumzia ubia na kampuni za Kichina na mitambo ya umeme itakayojengwa?

Bei ikipanda ghafla kwa tangazo au kwa uvumi wa mabadiliko Dhaka, mjanja anauza siku hiyohiyo. Anayenunua ni yule anayeamini.

Upande wa pili wa jambo hili kuna msubiri mwingine, na huyu sisi Tanzania tunamjua. Waulize watu wa Ludewa, kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mkataba wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Kichina ulisainiwa 2011. Fidia ya wananchi ilianza kulipwa 2023. Katikati hapo mtu ameshafanyiwa uthamini, nyumba imepigwa namba, kila mti umehesabiwa. Unaongeza chumba ili nani akulipe? Unapanda miparachichi leo, na kesho trekta likija? Mtoto anaoa, unampa kiwanja kipi? Mkulima wa Phulbari hakusaini chochote na hakununua hisa yoyote, lakini ameishi chini ya swali hilohilo tangu 2005.

Ndiyo maana nasema kibaya kuliko hapana ni kimya. Kibo, kampuni iliyokuwa na hisa London na Johannesburg, ilikuja kwetu na mradi wa makaa na umeme wa Mbeya. Mwanzoni mwa 2018 ikasaini hati ya makubaliano na TANESCO, wanahisa wakaona mambo yameiva. Hati ya makubaliano si mkataba wa kuuza umeme, na mkataba wenyewe haukuja. Kampuni ikaanza kuzungumzia umeme wa kuuza nje ya nchi, kisha ikageukia nishati jadidifu. Wenye hisa waliumia, sikatai. Ila waliuona mlango umefungwa, mwenye kuuza akauza.

Bangladesh ina haki ya kuyaacha makaa yake ardhini, na kwa maoni yangu inafanya vyema kuyaacha. Basi iseme hivyo kwa maandishi, na kama kuna fidia ya kubishania, ibishaniwe mbele ya wasuluhishi, ijulikane. Na wewe mwanahisa, kabla hujaandika barua nyingine ya kumlalamikia waziri wa Dhaka, nenda kwenye mkutano mkuu. Nje utawakuta Wabangladesh waishio Uingereza wamesimama na mabango, wasikilize dakika tano. Halafu ingia ndani uwaulize wakurugenzi: tangu 2005 mmetumia kiasi gani kusubiri, mwaka huu mtatoa hisa ngapi mpya, na mpango wenu ni upi ikiwa kibali hakitakuja kamwe? Wakikujibu kwamba mazungumzo yanaendelea, uza.