Najran mezani: kuhesabu au kutaja majina

Kaskazini mwa Najran, kwenye miamba ya Hima iliyoko Saudia leo, kuna maandishi ya mwaka 523. Aliyeyachongesha ni Sharahil Yaqbul, jemadari wa Himyar, ufalme uliotawala Yemen. Alikuwa ameuzingira Najran, mji uliokuwa na Wakristo wengi, kwa amri ya mfalme wake Yusuf As'ar aliyeshika dini ya Kiyahudi, yule ambaye Waarabu wanamwita Dhu Nuwas. Jemadari anasimulia vita, kisha anaingia kwenye hesabu: mateka 11,000, ngamia, ng'ombe na kondoo 290,000. Waliouawa nao ni namba tu.

Namba hizo haziniachii nafasi tangu nianze kuigeuza Himyar na Aksum, ufalme wa Ethiopia ya kale, kuwa ulimwengu wa mchezo wa kuigiza mezani. Ni ile michezo ambayo watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja amebeba mhusika wake, msimamizi anawaeleza wanachokiona, na dadu zinaamua pale jambo linapoweza kwenda huku au kule. Marafiki zangu wawili wameniambia niache.

Wa kwanza ni Mwislamu. Sura ya Al-Buruj inawataja watu wa mahandaki ya moto, waliowachoma waumini, na wafasiri wengi wameihusisha na Najran. Anasema aya anayoisoma katika sala haiwezi kuwa burudani ya Jumamosi usiku. Wa pili ni Mkristo, naye anamwazia Kaleb, mfalme wa Aksum aliyevuka Bahari ya Shamu mnamo 525 akamwangusha Yusuf, na ambaye Kanisa la Ethiopia linamheshimu kama mtakatifu. Je, mtakatifu atapewa pointi za nguvu? Mimi nawaongezea hoja ya tatu, nzito kuliko hizo zao: kumweka mfalme Myahudi mezani kama jitu katili ni rahisi mno, na Wayahudi wa Yemen, ambao karibu 50,000 walihamia Israeli mwaka 1949 na 1950, wana wajukuu walio hai.

Hofu yao haikuzuka hewani. Mwaka 1980 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikichapisha mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons ilitoa kitabu cha miungu. Zeus akapewa pointi 400 za uhai, Odin 400, Ra 400. Humo humo akawekwa Vishnu, anayeabudiwa hadi leo, Mombasa na Nairobi zikiwemo. Mwenye pointi za uhai anaweza kupigwa hadi zikaisha, na kweli kuna meza zilizojaribu. Anayekasirishwa na jambo hilo simlaumu. Lakini kosa la kitabu kile ni lile lile la Sharahil pale mwambani: kimehesabu kisichohesabika. Hilo ni kosa la namna ya kucheza.

Na hapa ndipo naona wanaotaka kucheza hawajaeleweka. Kiswahili chenyewe kinachangia, kwa sababu neno mchezo tunalitumia kwa mzaha, kwa mpira na kwa tamthilia. Ijumaa Kuu vijana wa parokia wanaigiza Njia ya Msalaba barabarani. Mmoja anakuwa Pilato, mwingine anashika mjeledi, na mmoja lazima awe Yuda. Hakuna anayesema wamekufuru. Waumini wanalia, na huyo kijana aliyekuwa Yuda anarudi nyumbani akiwa na la kufikiria.

Najua jibu lililopo: Njia ya Msalaba ina mwisho mmoja, dadu hazina. Ni kweli. Ila watu wa Najran nao hawakuujua mwisho wao. Sisi tunaisoma historia ya dini kutoka upande huu, tukiwa tumeshajua nani ni shahidi na nani ni mkatili. Wao walikuwa na asubuhi moja na swali moja la kujibu: kuikana imani au kufa. Kitabu kinaniambia walijibu nini. Mezani nabanwa na swali lenyewe, nikiwa na watoto wa kuwafikiria na jirani ambaye tayari amekubali kuikana imani.

Tazama barua za Kisiriaki, lugha ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, zilizoandikwa baada ya mauaji, zinazohusishwa na askofu Simeon wa Beth Arsham. Zenyewe zinataja watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Yumo Mahya, mjakazi, mwanamke wa maneno makali ambaye hata Wakristo wenzake hawakumpenda. Mabwana zake walipouawa alijifunga kiuno akatoka mitaani akiwahimiza Wakristo, wake kwa waume, kwamba saa ya kumlipa Kristo deni lake imefika. Mtu aliyechukiwa na mtaa mzima! Mchezaji akikabidhiwa Mahya, na karatasi yake ya maelezo ya mhusika ikaonyesha tu nani anamdharau na nani anamwogopa, ataijua Najran kwa namna ambayo mateka 11,000 hawawezi kumwonyesha.

Kwa hiyo mezani kwangu hakuna pointi za imani. Kaleb hana karatasi. Anasikika kutoka ng'ambo ya bahari, kama alivyosikika kwa watu wa kawaida. Mhusika akitakiwa kumkana Mungu wake, dadu zinarudi kwenye bakuli, mchezaji anasema mwenyewe, na wengine hawamshauri. Handaki haliigizwi kabisa.

Yusuf je? Kikao kimoja kizima ni chake, huko Zafar, mji wake mkuu, kabla ya Najran. Mchezaji atapewa aliyoyajua Yusuf: mfalme aliyemtangulia aliwekwa na Aksum, askari wa Aksum wako ndani ya mji, nyuma ya Aksum iko Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, inayoitaka njia ya biashara ya Bahari ya Shamu, na makanisa ya Najran yana mahusiano ng'ambo. Kisha aamue. Simtakasi, maana damu iliyomwagika ni damu. Nataka tu mchezaji aone kwamba hofu ya mfalme huyu ilikuwa na sababu ambazo mtawala wa dini yoyote angeweza kuwa nazo.

Rafiki yangu Mwislamu bado anasema hapana. Hata hivyo amekubali kuja kikao cha Zafar, akae pembeni asikilize, na ameomba tusianze kabla hajamaliza kuswali Isha.