Mheshimiwa, Dai Ninalo!

Jamani, mimi mahakamani nilipelekwa na friji. Friji la mtumba, laki tatu na nusu taslimu. Ukiliwasha linanguruma kama fuso linapanda mlima, ukilifungua unakuta maji ya kuogeshea mtoto mchanga.

Nilikwenda kifua mbele, maana tangu 2021 sheria yetu Tanzania inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kiingereza changu si cha kupelekea watu kortini. Kumbe Kiingereza kilivyoonyeshwa mlango, Kilatini kilibaki kimejificha kwenye mikunjo ya majoho!

Wakili wa muuzaji kasimama: "Mheshimiwa, mdai hana locus standi."

Stendi gani tena? Si nimeshukia Mawasiliano, nikatembea kwa mguu! Kumbe anamaanisha sina haki ya kufungua shauri, eti risiti ina jina la mke wangu. Sasa mke wangu alikwenda na hela, mimi nikaenda na mgongo wa kubebea. Mgongo wangu nao haudai?

Akaongeza "caveat emptor", mnunuzi ajihadhari. Nijihadhari vipi, na dukani lilikuwa linagandisha barafu ya kupasulia kwa nyundo?

Wakili wangu ni mtoto wa shangazi, ananitetea pro bono. Yaani bure, ukitoa nauli, chai na vocha. Naye akafungua mkoba wake: "Res ipsa loquitur." Kitu chenyewe kinasema. Akasimulia kwamba Uingereza, 1863, kesi ya Byrne na Boadle: mtu anajipitia zake Liverpool, pipa la unga likamwangukia kutoka dirisha la juu la duka. Majaji wakasema pipa halitoki ghorofani lenyewe bila mtu kuzembea. Kule kuanguka tu kunatosha kuanzia. Yule mtu wa pipa nilimpenda kama ndugu. Nikanyoosha mkono: "Mheshimiwa, na langu linasema! Linasema usiku kucha, waulize majirani!"

Karani alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Mheshimiwa hakucheka. Akatazama saa, akaandika, akatamka kwamba shauri limeahirishwa "sine die". Wao wanalitamka "sine dai".

Nikaruka kama nimekalia siafu. "Mheshimiwa, dai ninalo! Laki tatu na nusu!"

Askari akanikalisha kwa bega. Mtoto wa shangazi akaninong'oneza: maana yake bila kutaja siku. Khaa! Warumi nao walikuwa na "njoo kesho" yao, ila yetu huku inasemwa hata na mtu mwenye kandambili.

Nimefika nyumbani, mke wangu yuko jikoni anatoa viatu vya shule vya watoto kwenye friji, maana ndiyo kabati siku hizi.

"Kesi itaitwa lini tena?"

"Sine dai."

Akaacha viatu, akanigeukia. "Kama huna dai, baba Asha, nauli yangu ya siku nne umekwenda kufanyia nini?"